Nani Alizichapa Karatasi za Justina

(Imesomwa na mdogo wa marehemu, Hilda Melkior Kimario, nyumbani kwa wazazi, Kibosho, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2003. Imenakiliwa kutoka kwenye kanda iliyorekodiwa msibani.)

Nani kati yenu alizichapa zile karatasi?

Msiangaliane. Padre, unisamehe, Baba, shikamoo, shemeji Mathew, ndugu, jamaa na majirani, najua kabisa kwamba historia ya marehemu huanza na kuzaliwa, lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyeniagiza hivi, mwezi uliopita, akiwa kitandani na kalamu sikioni, akasema, "Hilda, uanze na swali, ukianza na kuzaliwa watasinzia, na wakishasinzia watakuja kuamka kwenye chakula." Nikamwuliza kama kweli anataka kuzikwa na dodoso, akacheka mpaka nesi akaja kuchungulia, kisha akanieleza kwa utulivu wa mwalimu kwamba msiba ni mahali pabaya sana pa kukusanya takwimu, kwa sababu kila anayekufa alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu, ila una jambo moja zuri, kijiji kizima kimekaa na hakuna anayeweza kuondoka. Basi swali nimeliweka, mkae nalo, nami narudi kwenye utaratibu.

Marehemu Justina Melkior Kimario alizaliwa tarehe 19 Machi 1952, hapa Kibosho, katika kihamba hiki hiki cha migomba, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Melkior Kimario, aliyekaa hapa mbele yetu, na marehemu mama yetu Apolonia. Utafiti wake wa kwanza aliufanya mwaka 1958, akiwa na miaka sita, na wengi wenu mnaijua habari hiyo, kwa sababu Baba ameisimulia kwenye kila mbege iliyopikwa upande huu wa mlima. Baba alikuwa amemweka ng'ombe wake kwa rafiki yake Wenseslaus, kule Mwika, kama ilivyo desturi yetu, anayetunza anapata maziwa na samadi, mwenye mali anangoja ndama, na siku mwenye mali akija anaonyeshwa ng'ombe wake, na kama amekufa anaonyeshwa ngozi. Wakaenda, wakapokewa vizuri, ng'ombe akatolewa, amenona kweli kweli, Baba akashukuru, mbege ikanywewa, wakawa wanaagana, ndipo Justina aliposema mbele ya wanaume wote, "Baba, wetu sikio lake limechanika, huyu masikio yake ni mazima." Kumbe ng'ombe wetu alishakufa, na Wenseslaus, kwa kuona haya tu na si kwa ubaya, alikuwa ameazima wa jirani ili mgeni asirudi na huzuni. Baba hakumdai kitu, lakini yule mzee hakuonekana kilabuni mwaka mzima, na tangu siku hiyo Baba akawa na msemo wake, ambao sote tumelelewa nao, kwamba ng'ombe haulizwi habari zake, ng'ombe anashikwa sikio.

Alisoma shule ya msingi hapa Kibosho kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, sekondari kwa masista mjini Moshi kuanzia 1967 hadi 1970, kidato cha tano na cha sita 1971 na 1972, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1973, ambako alijifunza kulala huku amesimama na macho wazi, ujuzi uliomfaa sana baadaye kwenye mikutano ya wafadhili, na mwaka 1974 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea hisabati na takwimu. Huo ndio mwaka ambao serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mnajua wenyewe inakuwaje binti akikatazwa mchumba. Aliruhusiwa kuitazama moja tu, kupitia kioo, imefungiwa kwenye chumba cha baridi kama maiti, na usiku huo akaniandikia barua ndefu yote ikiwa juu ya ile mashine, na mwisho kabisa, pembeni, akauliza kama mimi ni mzima.

Alianza kazi mwaka 1977, Dar es Salaam, katika ofisi ya takwimu, na tarehe 27 Desemba 1980, mwezi ambao Mchagga mwenye nauli yuko nyumbani, alifunga ndoa katika parokia yetu hii na Mathew Basili, mwalimu wa fizikia kutoka Mwika, mwanamume pekee ambaye, kwa maneno ya dada, alipoulizwa swali asilolijua alijibu kwamba hajui. Mungu aliwajalia watoto wawili, Elizabeth, aliyezaliwa mwaka 1982, na Sylvanus, aliyezaliwa mwaka 1985. Kuanzia 1984 hadi 1986 alikuwa Uingereza kwa shahada ya uzamili, akarudi na kompyuta ameizungushia kanga ndani ya sanduku la chuma, ofisa wa forodha akamwuliza kama ile ni televisheni, naye akajibu, "Bado haijaamua." Mwaka 1987 akaanza kufundisha chuoni hapa Moshi, na hapo ndipo maisha ambayo nimekuja kuyasoma yalipoanza.

Mwaka 1994, mnakumbuka, wanunuzi binafsi walikuwa wamefunguliwa mlango, kila asubuhi pikapu ngeni barabarani, kila mtu na mzani wake, na chama chetu cha msingi cha kahawa, Baba akiwa mwenyekiti, kilikuwa kinapoteza wanachama kwa sababu hesabu zake zilitoka wakati mtu ameshasahau alipima nini. Dada akapata mradi, akapata wafadhili, akaleta kompyuta ofisini kwa chama, na siku ile ilikuwa harusi, watu waliipokea kwa vigelegele pale njia panda, Padre akainyunyizia maji, akina mama wakaishonea kitambaa chenye maua na maneno "Karibu Mgeni". Justina alikuwa anameremeta. Aliniambia kwamba kuipeleka mashine kijijini hata mpumbavu anaweza, kinachotakiwa ni kujua kama imemsaidia mtu, na utajuaje, hilo ndilo alilitaka kwa shahada yake ya uzamivu, na alilizungumzia akila, akifua, akiwa kwenye foleni ya komunyo.

Kwanza akaja na dodoso. Alilinganisha chama chetu chenye kompyuta na chama kimoja cha Mwika kisichokuwa nayo, maswali yale yale pande zote mbili. Hapa Kibosho wanachama walijibu kwamba kompyuta imewasaidia sana, tunashukuru, Mungu akubariki mwanetu. Kule Mwika, ofisi ambayo haikuwa hata na waya wa umeme, wanachama nao walijibu kwamba kompyuta imewasaidia sana, tunashukuru, Mungu akubariki. Alikuja kwangu mbio na yale makaratasi, amefurahi kama aliyeokota dhahabu, akasema, "Hilda, tazama, hawa hawajibu swali, hawa wanamkirimu mgeni," na akaandika sura nzima kuhusu hilo, nayo naiona hadi leo ni sura bora kuliko vitabu vizima vya watu walioitwa maprofesa.

Akaliacha dodoso, akasema sasa anataka kitu kisichokuwa na adabu, kitu kisichojali kama mwenye kuuliza ni mtoto wa mwenyekiti, akachagua karatasi, zile zilizotoka kwenye mashine kila mwezi, majina ya wanachama, kilo, malipo, zimenyooka kama askari wa gwaride. Alikuwa anapanda huku mlimani Jumapili baada ya misa, viongozi wanampokea, kitambaa kinafunuliwa, mashine inaonekana inang'aa, umeme hakuna, na mwaka ule nani alishangaa kukosa umeme, kisha anakabidhiwa karatasi zake ndani ya bahasha na kikombe cha mtori. Yeye hakuigusa ile mashine hata mara moja, kwa sababu alisomeshwa kwamba mtafiti hagusi anachokitafiti, na aliamini hivyo kwa moyo wote. Karatasi zilisema kazi inafanyika. Tarehe 9 Novemba 1996 akatunukiwa uzamivu wake, makala yake ikasomwa mbali, na kwa nguvu ya makala hiyo mradi ukanunulia vyama vingine kompyuta, huku kwetu na mikoa mingine.

Zile nyingine zote zilikufa. Hakuna hata moja iliyomaliza msimu. Wafadhili wakaandika kuuliza ni kwa nini Kibosho inawezekana na kwingine haiwezekani, na dada, badala ya kuingiwa na hofu, alisisimka, maana swali zuri lilimfanya asimame wima kama mbwa aliyesikia hatua.

Jibu alilipata Februari 1998, baada ya mvua za El Nino, barabara ya kuja huku ilipokuwa imeliwa na maji, akapanda kwa miguu siku ya Jumatano bila kumwarifu mtu, akimletea Mama dawa, akapita ofisini kwa chama akakuta mlango umeachwa wazi ili kuta zikauke. Akafunua kitambaa mwenyewe. Akashika sikio. Akabonyeza, kimya, akafungua kifuniko cha nyuma na ndani akakuta kiota cha panya, kizuri, kimetandikwa maganda ya mahindi, na waya zilizoungua zamani sana. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alisema mashine hii ilikufa ingali mtoto, haikumaliza hata mwaka mmoja.

Sasa fikirini. Mashine imekufa, na karatasi zinatoka kila mwezi.

Mtu mwingine angekaa chini akalia. Justina alishuka mlima ule akiwa na tope hadi magotini, akagonga mlangoni kwangu, akasema, "Hilda, wamenidanganya kwa ustadi ambao sijauona popote, kumbe hata karatasi zilikuwa zimefundishwa adabu, huu ndio utafiti sasa." Nikamwambia anyamaze kwanza, afikirie cheo, maana jina lake lilikuwa mezani kwa uprofesa. Aliniangalia kama vile nimemshauri aibe. Novemba mwaka huo huo, kwenye mkutano wa watafiti Arusha, alipanda jukwaani, akasema makala yake ya mwaka 1996 ni uongo kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwamba yeye hajui nani alizitengeneza zile namba, na kwamba anaomba kila aliyeitumia aitupe. Mmoja wao akamfuata kwenye chai akamwambia, "Mama, ungekaa kimya tu, nani angejua?" Naye akajibu, "Panya walishajua."

Hapa ndipo penye uchungu, na sitapapaka sukari. Chuoni ikaundwa kamati, kamati ikamwuliza swali moja, ni nani mwingine aliyefaidika na zile karatasi kama si wewe uliyepata shahada kwazo, na yeye hakuwa na jina la kuwapa. Hawakumtia hatiani, hawakumsafisha, wakalifunga jambo kwa maneno ya kizungu kizito, uprofesa ukaishia hapo, na kuanzia siku hiyo kwenye korido za wasomi dada yangu akaitwa mpishi wa takwimu. Mtu aliyekataa kudanganya hata umri wake kwenye kicheni pati. Miaka mitano alitembea na jina hilo, na amelazwa mbele yenu nalo, na hiyo ndiyo sababu nimewauliza swali lile kabla sijawaambia hata tarehe yake ya kuzaliwa.

Aliwauliza wote. Aliihoji kamati nzima ya chama, karani, mtunza stoo, mlinzi, na katika mahojiano hayo yote Baba mwenyewe alimsindikiza, amembebea mkoba, anawaambia watu, "Mwambieni mwanangu ukweli." Wote walisema hawajui. Ndipo akaacha mbinu za kizungu akashika ya kwetu. Mnajua isale kwetu ni jani la amani, aliyekosa akikuletea huwezi kumkatalia, umesamehe umesamehe. Akapanda safu ya masale mbele ya nyumba yake pale Moshi, akatangaza hapa kanisani baada ya misa kwamba aliyezichapa karatasi asiogope, asilete isale kutoka mbali, akate pale pale mlangoni agonge, atapewa chai na hataulizwa kitu kingine zaidi ya jinsi alivyofanya. Hakugonga mtu. Ila, na hili lilimfurahisha kama mtoto, majani yalikuwa yanakatwa. Anarudi kazini anakuta moja limekatwa kwa kisu, vizuri, na hodi hakuna. "Anakuja," aliniambia, "anakata, anaogopa, anaondoka nalo. Hilda, mtu yupo, na anataka kusema."

Msidhani kwamba aliishia kungoja. Miaka yake bora ilikuja baadaye. Internet ilipofika Moshi, vijana walipofungua vichumba vya kutumia barua pepe hadi mtaa wa Pasua, wenzake walituma dodoso kuuliza kila mtumiaji anatumia dakika ngapi, naye akachukua kigoda, akabeba na njegere zake za kumenya, akakaa ndani ya kichumba kimoja pale Pasua mpaka mwenye kichumba akasahau kwamba yupo na akaanza kumtuma sigara. Aligundua kwamba huyo mtumiaji mmoja wa kwenye dodoso hayupo duniani. Mama anaagiza kwa Kichagga maneno ya kumwambia mwanawe aliye ughaibuni, binti anaandika kwa Kiswahili, shangazi anasema hapana hilo la mgonjwa lifute atashtuka, jirani anadai salamu zake zitangulie, na kompyuta inahesabu mtu mmoja, nusu saa. Vidole vya mmoja, barua ya wanne. Alikuwa akirudi kutoka kule sauti imekauka kwa kuhadithia. Wanafunzi wake, waliojaa hapa leo, wanajua alichowafundisha, kwamba usimwulize mtu kama kitu kinafanya kazi, omba ukione, kaa, kaa tena, na ukiona kila mtu anakupa jibu unalolipenda, basi hujaanza utafiti, umekwenda kutembelea wakwe.

Maradhi yalianza Agosti 2001, saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji Oktoba mwaka huo huo katika hospitali ya rufaa hapa Moshi, akapata nafuu, akarudi kufundisha Machi 2002, hali ikabadilika tena Aprili mwaka huu, akalazwa, akawahoji wauguzi wote, akagundua kwa nini faili za wagonjwa zinapotea, akawaandikia ukurasa mmoja nao wakaufuata, na Jumatatu tarehe 11 Agosti 2003, saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na Mathew, akatutoka.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na waliovumilia maswali yake. Nawashukuru majirani kwa kuni, maji, ndizi na mabega. Nawashukuru wenzake wa chuoni, hata wale waliomwita mpishi wa takwimu, ambao nawaona pale nyuma ya turubai na tai zao nzuri, karibuni, chakula kipo. Namshukuru Bwana Paresh, aliyefunga duka lake la vifaa vya ofisi na huduma za uchapaji pale mjini ili awe nasi, rafiki wa Baba wa siku nyingi, urafiki ambao mimi sijawahi kuuelewa, maana Baba alimshushia mkungu wa ndizi mchare kila mwezi kwa miaka, na Baba hajawahi kununua hata kalamu.

Dada, umeniagiza niulize, nimeuliza. Pumzika sasa mahali ambapo majibu hayana adabu, uyapate yote kwa amani, sisi huku tutaendelea kukaa na...

Baba, keti tu, bado kidogo namaliza. Mpeni fimbo yake. Hapana, mwacheni, mwacheni asimame. Ana isale mkononi. Sogezeni hicho kipaza sauti.

(Hapa aliyesema ni Mzee Melkior.)

"Padre, nipishe. Paresh, kijana wangu, inua kichwa, wewe hukujua. Ile mashine ilipigwa na radi mwaka ule ule ilipoletwa, kabla ya mavuno. Nikasema nitamwambia Jumapili. Jumapili akaja, amefurahi vile, sikuweza. Nikazichukua stakabadhi za kahawa, nikashuka nazo mjini, nikamwambia Paresh anichapie, ni kazi ya chama. Mwezi ule, na mwingine, na mwingine. Kamati walijua, niliwafunga mdomo mimi mwenyewe, msiwaguse. Mzee wa watu wa Mwika nimemcheka miaka arobaini, na mimi ng'ombe amenifia nikamwonyesha mwanangu ng'ombe wa jirani. Isale za mlangoni kwake nilikuwa nazikata mimi. Nilikata, nikasimama pale, nikasikia anacheka ndani na watoto, nikarudi nayo mfukoni. Hii naiweka hapa juu ya sanduku lake, aipokee. Nyie wasomi wenye tai, sogeeni mbele, mnisikie vizuri. Justina hakupika kitu. Nilipika mimi."